Nyumba ya Shibiri Tano

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukisoma umesimama utaishika kwa mkono mmoja na randa kwa mkono wa pili, halafu utasema sikuandika la maana. Sisi huku wazima. Mvua imenyesha wiki nzima, na watu wakinyeshewa hukumbuka mapazia, sijui kwa nini, kwa hiyo dukani hatupumui. Vidole vyangu vina matundu ya sindano kama chujio. Na wewe? Lile goti je? Muuza maziwa bado anakusimulia habari za majirani mpaka maziwa yanachacha?

Nina jambo, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho. Mpiga pasi wetu amehama mji yeye na wanawe, na vilivyoshindikana kubebwa kavigawa. Mwenzangu mmoja kapata masufuria, mwingine zulia. Mimi nimepewa mnyama. Anaitwa hamsta. Ni mdogo kuliko ngumi yangu, ana rangi ya chai ya maziwa, na mkia wake ni kama haupo. Ndani ya mashavu ana vifuko. Ukimpa karanga kumi anazisomba zote kwa mkupuo mmoja, kichwa kinakuwa kipana kuliko kiwiliwili, kisha anakwenda kuzificha. Nimemwita Bwana Shehena.

Shida ni makazi. Amekuja na kizimba cha waya, kidogo mno, na anavitafuna vyuma vyake hadi pua imechubuka. Nilikwenda kwa wauza wanyama nikaonyeshwa vitu vitatu: kizimba cha ghorofa tatu, jumba la plastiki lenye mabomba ya rangi, na tangi la kioo la kufugia samaki. Muuzaji akaniambia, "Chukua kadogo tu, dada. Panya hadai sebule." Sikuridhika, nikarudi mikono mitupu. Wewe umewatengenezea watu vitanda, makabati, milango na majeneza. Nani mwingine nimwulize? Nyumba ipi inamfaa?

Mpwa wako,
Msumari

25 Februari

Mpwa wangu Msumari,

Marahaba. Nimesoma nikiwa nimeketi, nikasimama ili nicheke vizuri, kisha nikaketi tena. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Muuza maziwa mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Huku mnyama wa namna hiyo hutegewa mtego. Wewe unamtafutia jumba. Haya, kila mtu na wazimu wake. Lakini umemwuliza seremala, na seremala habahatishi. Nilikwenda kwa daktari wa mifugo. Nilimkuta mkono wote uko ndani ya ng'ombe, nikamwuliza habari za hamsta, nusura anitimue. Alipokwisha kunawa alinieleza kwa upole. Mnyama huyu ni wa kuchimba na kukimbia, si wa kupanda. Ghorofa zitamvunja miguu. Anataka sakafu pana, ngumu, isiyo ya waya, na maranda mengi ya kuzama mpaka asionekane. Mbao yenye harufu kali ni mwiko, inamharibu kifua. Na hukaa peke yake. Ukimwekea mwenzake watauana. Daktari anasema ndivyo alivyoumbwa, wala hajui upweke ni nini. Nikamwambia heri yake.

Kwa hiyo waachie wauzaji vizimba vyao. Nitamtengenezea mimi. Niletee vipimo, na uvilete kwa shibiri zangu, unajua tepu haijawahi kuvuka mlango wa karakana hii. Nieleze chumba kilivyo, nyumba itakaa wapi, na kando yake kuna nini. Kitu hakitengenezwi bila kujua jirani zake.

Na bwana wako amekubali kulala chumba kimoja na panya? Mwaka huu hujaniletea hata salamu zake. Usijibu kwa simu. Kwenye simu mtu huuliza u mzima, nawe husema mzima, basi mazungumzo yamekwisha.

Mjomba wako,
Seremala

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, niliandika barua hii mara tatu. Sisi wazima. Yeye ana kazi nyingi, ndiyo maana salamu hazifiki.

Bwana Shehena alitoroka. Alipinda waya wa mlango kwa meno, akatoka. Jumapili nzima nililala kifudifudi sakafuni nikimwita, kama kwamba analijua jina lake. Mwenye nyumba wetu huweka sumu ya panya ukumbini, kwenye vifuniko vya chupa, pembeni mwa kila mlango, na nilishindwa kabisa kuwaza kitu kingine. Jioni nikamkuta ndani ya kiatu changu cha kazini. Alikuwa amehamishia humo vifungo saba, vishikizo vya pazia na kipande cha chaki ya kushonea. Nilikaa na kile kiatu mapajani nikalia. Usiniulize kwa nini, mnyama alikuwa hana hata jeraha. Mlango wa kizimba sasa nimeufunga kwa uzi, na uzi anautafuna. Akitoka tena nikiwa kazini, sumu itamfikia kabla yangu. Nyumba naihitaji kweli, Mjomba.

Vipimo ni hivi. Urefu shibiri tano, upana shibiri mbili na nusu, kwenda juu shibiri mbili. Ni zako, si zangu. Nilipoanza kazi hapa sikujua inchi, nilijua mkono wako tu, wakanicheka. Nikapima shibiri yako kwenye lile sanduku la shule ulilonitengenezea, ikaja inchi tisa kamili, nikatia uzi mwekundu kwenye tepu yangu pale penye tisa. Bado upo. Kila pazia ninalokata hapa mjini limepita mkononi mwako.

Chumba kina hatua nne kwa hatua tatu. Mlango uko upande mfupi, na dirisha liko ukuta wa mbele yake. Ukiingia, kushoto kuna kabati. Kulia kuna meza yenye cherehani, na jiko dogo pembeni. Nyumba itakaa chini ya dirisha, hapo hakuna kitu.

Mpwa wako,
Msumari

10 Aprili

Msumari,

Marahaba. Barua imefika leo asubuhi nami najibu leo.

Nimefagia katikati ya karakana nikachora chumba chako kwa chaki, kwa ukubwa wake. Hatua nne, hatua tatu. Mlango, dirisha, kabati, meza, jiko. Nikaweka ubao mahali pa nyumba ya mnyama wako. Kisha nikakumbuka kwamba hukutaja kitanda. Kitanda nilikitengeneza mimi, kina futi sita kwa sita, sihitaji kuambiwa. Nikakichora kushoto, kikalikanyaga kabati. Nikakichora kulia, kikaziba meza. Nikakisogeza chini ya dirisha, mahali unaposema hakuna kitu, kikajaa pote.

Nimezunguka ndani ya chumba chako tangu asubuhi, mpwa wangu, na kitanda hakienei.

Kitanda kiko wapi?

Mbao nimeshachagua. Sitatia msumeno mpaka unijibu.

Mjomba wako

16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Miezi miwili nimekaa kimya, nawe hukunisukuma. Ahsante.

Kitanda kilichukuliwa mwezi wa kumi na moja, mwaka jana. Aliyekichukua ni mume wangu. Alikuja na gari na watu wawili, akasema anakokwenda kuna nafasi. Kuna na mtu pia, ila hilo sikuambiwa, nililiona nyuma ya kioo cha gari. Wale watu walihangaika na kitanda chako mpaka jasho likawatoka. Walitafuta misumari, hawakuona hata mmoja. Nikaogopa watakipasua. Basi nikainuka mimi mwenyewe, nikawaonyesha kabari ya kugonga kwanza na ya kugonga baadaye, kama ulivyonionyesha wewe siku ya kukiunga. Kikafunguka vizuri. Hata shukrani sikupewa.

Nalala kwenye godoro la mtu mmoja, asubuhi nalisimamisha nyuma ya kabati. Ndiyo maana chini ya dirisha hakuna kitu.

Nilikuwa naandika "sisi wazima" kwa sababu kila nikiandika "mimi" kalamu inakwama. Watu wote walinikataza ndoa ile, wewe peke yako ulisema mwacheni achague, ukapiga randa wiki tatu. Nilikuonea aibu wewe kuliko wengine wote.

Nina upweke, Mjomba. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. Kazini tuko sita na kelele za cherehani, sisikii kitu. Nikirudi, nabisha hodi kwenye mlango wa chumba changu. Nilianza kwa mzaha, sasa siwezi kuingia bila kubisha. Bwana Shehena hawezi kuitika, kwanza amelala. Yeye huamka mimi ninapolala, tunapishana kama wafanyakazi wa zamu. Lakini namsikia anavyokimbia kwenye gurudumu lake, na nikisikia gurudumu napata usingizi. Ndicho kitu pekee humu ndani kinachojongea nisipokisukuma mimi.

Ameshatoka mara mbili tena. Mara ya pili nilimkuta ukumbini, hatua moja kutoka kwenye kifuniko cha sumu.

Sasa umejua jirani zake. Tia msumeno.

Mpwa wako,
Msumari

22 Agosti

Msumari,

Marahaba, mwanangu. Usishangae mwandiko. Kalamu nzuri imepotea na hii inakwenda inakotaka.

Barua yako nimeisoma. Sikulaumu, wala jana sikukulaumu, wala kesho. Kitanda kile nilikitia kabari ili kihamishike bila kuumia, nikidhani mtahama pamoja. Hilo ni kosa langu la useremala, si kosa lako.

Nyumba naituma kwa lori la vitambaa linalokuja dukani kwenu. Imechukua muda, ni uzee tu. Mbao ni nyeupe, haina harufu, nimeilamba mwenyewe kuhakikisha. Kioo cha mbele kimetoka kwenye kabati la vyombo la marehemu mke wangu. Alipenda kutazama vitu. Mlango uko juu, una kitasa cha mbao ambacho meno ya mnyama hayakifikii. Gunia la maranda limo.

Niambie kama anaenea.

Mjomba wako

5 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nyumba imefika. Dukani waliizunguka wote, bosi akauliza kama ni sanduku la vito. Kioo hakina hata ufa. Bwana Shehena aliingia, akazama kwenye maranda, akapotea kabisa, kisha pua ikatokea upande wa pili. Ni siku ya kwanza tangu nimpate kutafuna hakusikiki. Na hatoki. Nashukuru mpaka sijui niseme nini.

Lakini ni ndogo. Ukitia gurudumu, hakuna mahali pa kuchimba. Ukiacha mahali pa kuchimba, gurudumu halikai. Siku ya nne akaanza kutafuna kona.

Nikadhani umekosea urefu. Nikatoa tepu, nikaanzia kwenye uzi mwekundu, ukaangukia pabaya. Urefu ulitakiwa inchi arobaini na tano, ni thelathini. Upana ni kumi na tano. Kimo ni kumi na mbili. Nikakaa chini nikagawa. Thelathini kwa tano, sita. Kumi na tano kwa mbili na nusu, sita. Kumi na mbili kwa mbili, sita. Kila upande shibiri ni ile ile, na ni ya inchi sita.

Fundi akikosea, hukosea upande mmoja. Wewe hukukosea popote. Umepima sawasawa, kwa mkono ambao haufunguki.

Nikaigeuza nyumba nikatazama chini. Misumari ya sakafu yote imelalia upande mmoja, upande wa mtu anayegonga kwa kushoto. Wewe uliyenikataza kula mpaka msumari wangu usimame wima! Halafu nikazitoa barua zako zote nikazipanga, na mwandiko wa Agosti si wa kalamu mbaya.

Uliniuliza kitanda kiko wapi. Nami nakuuliza.

Mkono una nini, Mjomba?

Mpwa wako

27 Septemba

Msumari,

Marahaba. Nilikufundisha kupima, sasa unanipima mimi.

Mwezi wa tano, asubuhi moja niliamka, mkono wa kulia haukuamka. Na mguu nao. Muuza maziwa alinikuta nimeketi sakafuni, kikombe kimeanguka, ndiye aliyetafuta gari. Hospitali wamenitazama vizuri, mguu umerudi kwa kuburuta. Mkono umekuja nusu. Vidole vitatu vinanyooka, viwili vimekataa.

Sikukwambia. Mwanzo nilidhani una mume, nikasema nisimtoe mtu nyumbani kwake kuja kunifulia nguo. Barua yako ya mwezi wa sita ilinikuta bado kitandani. Nikaona kukwambia wakati huo ni kama kusema, sasa huna mtu, basi njoo uwe nesi wangu. Nikanyamaza. Tumekuwa ndugu wawili wa kusema "wazima".

Nyumba niliiona ndogo. Nikajiambia ni macho. Mkono wa kushoto sijaupimia maisha yangu yote, haujui kitu. Na huu wa kulia nilitaka uwe bado ni wangu. Kila ubao niliuweka juu yake, nikasema tano, na nilifurahi kwa kuwa hesabu ilitimia. Miaka arobaini mkono huu ulikuwa sahihi, ila safari hii umemdhulumu mnyama.

Karakana haina kazi tena. Wateja wamenionea huruma wakaenda kwa fundi mwingine, na huruma yao ndiyo iliyonimaliza. Mchana nafungua mlango hivyo hivyo. Chumba chako bado kiko sakafuni, sijafuta chaki. Nimefuta kitanda peke yake. Siku nyingine naburuta kigoda mpaka pale penye meza yako ya cherehani, nakaa humo mpaka jua linahama. Ndicho chumba pekee ninachokwenda kutembea.

Irudishe nyumba kwa lori. Mbao zimebaki, nitatafuta mtu aiongeze. Wewe usihangaike kuja. Sijakuita.

Mjomba wako

8 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo.

Nyumba siirudishi kwa lori. Naileta mwenyewe Jumamosi ya tarehe kumi na nane, na mwenyewe akiwa ndani. Dereva wa lori la vitambaa amekubali tukae naye mbele, mimi na Bwana Shehena. Cherehani itakaa nyuma na godoro. Bosi atanitumia vitambaa huko kila mwisho wa mwezi. Amenuna, lakini amekubali. Pazia halijali limeshonewa wapi. Mwenye nyumba nimeshamwambia nahama siku hiyo, kwa hiyo ukikataa nitalala kwenye lori.

Najua hujaniita. Nimeisoma mara mbili sehemu hiyo, imeandikwa vizuri kuliko nyingine zote.

Mbao utachagua wewe. Msumeno nitashika mimi, na nikienda kombo utanitukana kama zamani. Kupima tutapima kwa tepu yangu. Ndiyo, tepu itavuka mlango wa karakana. Tutaanzia penye uzi mwekundu, na hapo ni mkono wako ule ule, niliuhifadhi bila kujua. Shibiri tano kamili, ili mnyama wa watu apate mahali pa kuchimba na mahali pa kukimbia. Ukumbini kwako hakuna sumu.

Daktari wa ng'ombe alisema hamsta aishi peke yake. Hakusema neno kuhusu seremala, wala kuhusu mshona mapazia.

Usimwombe muuza maziwa afagie. Naomba usifute chaki, nataka kuona nilipokuwa naishi.

Halafu kuna moja dogo. Nitafika mchana, na mlango najua utakuwa wazi, lakini nitasimama nje nibishe hodi. Ni karibu mwaka mzima sasa nabisha, na hakuna aliyewahi kunijibu. Usinyanyuke, usihangaike na mguu. Kaa hapo hapo kwenye kigoda, uitike tu.

Msumari